Kadi Juu ya Majibu

Nilipomaliza chuo kikuu nilipata kazi moja tu, na hata hiyo sikuitafuta mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nakaa Walthamstow, London, kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa akitunza wazee majumbani mwao. Mmoja wa wazee hao alikuwa na dada yake Queensbury, na huyo dada alikuwa amempangisha chumba msichana wa Kichina anayesoma hapa. Msichana alihitaji mtu wa kumsaidia kusoma Kiingereza. Mama mdogo akajibu papo hapo kwamba nyumbani anaye binti mwenye digrii ya Kiingereza, tena ana nafasi.

"Mimi si mwalimu," nilimwambia aliponiletea habari.

"Wewe si kitu chochote kwa sasa," alisema huku akivua viatu vya kazi. "Kwa hiyo kuwa mwalimu si kushuka cheo."

Nilikaa wiki nzima nikiandaa somo la kwanza. Njiani, nilipobadilisha treni Green Park, nilikuwa bado sijaamua kama nimsalimie msichana kwa mkono au kwa maneno tu, na kama ni kwa maneno, maneno gani. Ndivyo nilivyo. Nikiulizwa nataka chai au kahawa, naanza kufikiria aliyeuliza anapenda nijibu ipi, na kama maji yaliyoko kwenye birika yanatosha.

Mlango ulifunguliwa na mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe na sweta juu ya sari. Aliniuliza kwa Kiingereza natokea wapi. Nikasema Tanga. Uso wake ukabadilika kabisa.

"Tanga? Sasa wanisumbua na Kiingereza cha nini? Ingia, mwanangu, baridi yaingia pamoja nawe."

Alikuwa amezaliwa Mombasa na kuja London akiwa bibi arusi, na Kiswahili chake alikuwa amekihifadhi tangu wakati huo kama vyombo vya wageni. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Watoto wake walikielewa ila walimjibu kwa Kiingereza, wajukuu hawakukielewa kabisa. Kwa hiyo nilipoingia jikoni mwake siku ile, nadhani alinipokea zaidi kwa ajili yake mwenyewe kuliko kwa ajili ya mpangaji wake. Nilimwita mama. Msichana alimwita auntie, kama walivyofanya wapangaji wote waliomtangulia.

Msichana mwenyewe alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni, maana hapo ndipo palipokuwa na joto. Alikuwa na miaka kumi na saba, miwani mikubwa, na kamusi ya umeme iliyoweza kutamka maneno kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. Mbele yake kulikuwa na rundo la vitabu vya mazoezi alivyobeba kutoka kwao, vimechapwa kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha maandishi ya upande wa pili. Kila ukurasa ulikuwa na habari fupi ya Kiingereza, na chini yake maswali, na chini ya kila swali majibu manne: A, B, C na D. Aliniambia kwamba shuleni kwao walifanya mazoezi hayo kila siku, darasa limejaa hadi nyuma, mwalimu amesimama mbele na saa mkononi.

Nilimwomba afanye moja nimwone. Hakuanza na habari. Alianza chini. Alisoma swali, akazungushia kwa penseli maneno anayoyajua, kisha akapanda juu kuyatafuta katika habari. Alipoliona neno, alisoma sentensi lilimo, akarudi chini akachagua. Jibu lenye neno kama "daima" au "kamwe" alilikata bila kulisoma lote. Majibu mawili yakipingana, alijua moja kati yake ndilo. Alimaliza kabla sijafika katikati ya habari.

"Habari hii inahusu nini?" nilimuuliza.

"Mbwa."

"Mbwa amefanya nini?"

Alifikiri. "Sijui. Lakini majibu ni B, A, D, C."

Nikafungua nyuma ya kitabu. Yalikuwa B, A, D, C.

Akanitaka na mimi nijaribu. Nilichagua habari ya mzee aliyeacha mlango wazi usiku wa mvua, na swali likauliza kwa nini. Niliona A inawezekana, ukizingatia tabia ya mzee. B nayo sikuweza kuikataa. Niliandika D, nikafuta, nikaeleza sababu za D na kwa nini bado B inanisumbua. Jibu la kitabu lilikuwa C. Katika maswali yote ya ukurasa ule nilipata moja.

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu anafikiri sana," alisema. "Ukifikiri, unakosa."

Neno "mwalimu" alifundishwa na mama mwenye nyumba siku hiyohiyo, naye hakuniita jina jingine tena.

Tatizo ni kwamba mtihani uliokuwa ukimngoja katika chuo chake cha maandalizi haukuwa na A wala B. Ulimtaka asome kurasa mbili, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe mwandishi amesema nini, na amemaanisha nini pale ambapo hakusema. Asipopata alama inayotakiwa, chuo kikuu kisingempokea, viza ingeisha, na angerudi kwao kuanza upya na watoto waliokuwa nyuma yake. Nilimpa mtihani mmoja wa zamani wa namna hiyo ajaribu. Alizungusha maneno yake, akapanda, akashuka, kisha akakaa na penseli hewani. Chini ya swali kulikuwa na mistari mitupu tu.

"Bila majibu," aliniuliza, "nitajuaje wanachouliza?"

Nilikuwa nimelipwa kujua, na sikujua.

Njia niliyoipata ilikuja kwa bahati. Pale mezani zilikuwepo kadi za simu zilizokwisha, zile za kukwangua namba, alizotumia kupiga kwao. Niliichukua moja nikaiweka juu ya majibu ya zoezi la kitabu chake, ikayafunika yote. Nikamwambia asome habari, kisha anieleze yeye jibu, halafu ndipo tuondoe kadi tuone kama liko. Mwanzoni alikuwa akiichungulia kadi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Lakini jibu la kwanza alilolitunga mwenyewe, tulipoinua kadi, lilikuwepo pale, karibu neno kwa neno. Hakutabasamu. Aliifunika tena, akaifunua tena.

Kadi zile zote zilikuwa za Jumapili. Kila Jumapili alimpigia bibi yake, mama wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo kwa sababu wazazi walifanya kazi kiwandani katika mji wa mbali. Bibi hakujua kusoma. Mjukuu akifanya mazoezi, yeye alikaa kando akimpepea, na kila ukurasa ulipogeuzwa alidhani kazi imekamilika, akammenyea kipande cha chungwa.

"Kwa hiyo nikajifunza kugeuza haraka," msichana alisema. "Ndiyo sababu nasoma haraka."

Alikuwa amemwahidi bibi kwamba siku ya matokeo atampigia yeye kwanza, kabla ya baba. Bibi alikuwa amekataa kwenda kuishi na mwanawe mkubwa kijijini kwa sababu simu iko hapo nyumbani, na asingependa iite bila mtu.

Majira ya baridi yakaisha hivyo. Kadi juu ya majibu, chai ya viungo, mama mwenye nyumba akinisimulia mitaa ya Mombasa kwa Kiswahili juu ya kichwa cha msichana, kama watu wanaopitisha sahani juu ya mtoto mezani. Hatukuona ubaya wowote. Lugha ile ilikuwa chumba chetu cha pembeni, na mlango tulikuwa nao sisi wawili tu.

Siku moja nilipofika, chai ilikuwa imekwisha kumiminwa vikombeni. Msichana alikuwa tayari anasoma. Mama mwenye nyumba alisimama kwenye sinki, akanipa mgongo, akaanza kuosha sufuria ambayo niliona kabisa ni safi.

"Usigeuke," alisema, kwa sauti ya kuniuliza habari za sokoni. "Tazama kitabu chake. Nataka kukwambia neno, na uso wako usibadilike."

Uso wangu haujawahi kunitii.

"Yule agent aliyemleta kwangu amenipigia simu. Yule grandmother wake amefariki. Washamzika, funeral imepita. Baba yake asema mtoto asijue mpaka amalize exam. Akiuliza, yuko shamba kwa mwanawe mkubwa, na huko simu hakuna."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Kunywa chai."

"Hawamwambii kabisa?"

"Watamwambia baadaye. Agent asema kwao ndivyo, mtoto akiwa na mtihani mkubwa hata nyumba ikiungua haambiwi. Sikupenda, mwanangu. Lakini baba mtu alikuwa pembeni ya simu, namsikia, analia kwa lugha yake. Wewe ungefanyaje? Nikaahidi. Na wewe ushaahidi, maana ushasikia."

Nilikiinua kikombe nikakirudisha. Msichana alikuwa ameinama juu ya ukurasa, penseli ikizungusha maneno. Kisha akageuza ukurasa, nami nikashukuru Mungu kwamba anaendelea na kazi.

Niliporudi Walthamstow nilimkuta mama mdogo anakula akiwa bado na sare ya kazi. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si rahisi ninaposimulia mimi, maana huwa narudi nyuma mara nyingi.

"Sasa unataka kufanya nini?" aliuliza. "Umwambie?"

"Sijui. Nikimwambia, nimevunja ahadi na labda nimevunja mtihani. Nisipomwambia, nakaa naye mezani namdanganya. Nikiacha kwenda, atajiuliza kwa nini. Nikienda, ataniona usoni."

"Umeshataja manne," alisema. "Chagua moja."

"Yote yana ubaya."

"Basi kaa kimya ufundishe. Na ukae kimya vizuri, si ile ya kwako ya kuhema."

Nilimkumbusha siku walipomletea yeye habari ya msiba wa kaka yake. Watu wetu hapa London hawakumwambia kwa simu. Walikuja, siku ya kazi, bila kutoa taarifa, wanaume wawili waliovaa makoti na mama mmoja aliyekwenda moja kwa moja jikoni kuchemsha maji bila kuuliza. Walimuuliza kama amekula. Mama mdogo aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Nani?" kabla hawajafungua midomo.

"Ndiyo," alisema sasa. "Hata sisi tunaficha."

"Lakini tunaficha hadi watu wafike. Wa kumshika mtu."

"Na wao wanaficha hadi mtihani ufike. Kila mtu anangoja kile anachodhani kitamshika mtoto." Akasukuma sahani. "Sisemi ni sawa. Nasema usijitie kuwa wewe ndiye utakayemwamulia baba wa mtu."

Sikulala vizuri, lakini hilo kwangu si habari.

Masomo yaliyofuata ndiyo yaliyonimaliza. Niliamua kwamba kwa kuwa siwezi kusema, angalau nisimguse palipo na kidonda, kwa hiyo sitampa habari yoyote yenye bibi ndani yake. Ndipo nilipogundua kwamba vitabu vile vilijaa mabibi. Bibi anasahau mwavuli kwenye basi. Bibi anajifunza kompyuta. Bibi anafuma soksi za askari. Bibi anamrudishia mtu mkoba wake. Sijui nani alikuwa akizitunga, ila ni lazima alilelewa vizuri. Nilikuwa nafungua ukurasa, naona neno, nasema, "Hii ni rahisi, twende mbele." Nageuza, namkuta mwingine. Mara moja nilipekua nusu ya kitabu hadi nikatua kwenye tangazo la saa za kufungua jumba la makumbusho. Tukalifanya. Somo lililofuata tukalifanya tena.

"Jumatatu limefungwa," alisema msichana, bila kuangalia.

Jumapili zake aliendelea kupiga simu, sasa kwa wazazi. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba bibi yuko shamba. Niliuliza hali ya hewa huko ikoje. Hadi leo sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Wakati huohuo alikuwa anaendelea vizuri ajabu. Majibu yake yaliongezeka, sentensi zikapata miguu. Niliwahi kumpa habari ya mtu anayeishi peke yake, naye akaandika kwamba mwandishi hasemi mtu huyu ana huzuni, ila kila asubuhi anaweka vikombe viwili mezani halafu anarudisha kimoja kabatini. Nilimuuliza ameonaje. Akasema, "Alichofanya, na alichoacha kufanya. Natazama vyote viwili." Nilimsifu. Nilifurahi sana kwa dakika chache, kama mtu aliyesahau.

Somo la mwisho kabla ya mtihani, mama mwenye nyumba alikuwa ameenda hekaluni kumwombea. Tulikuwa peke yetu jikoni. Nilifungua kitabu, nikaona, nikageuza ukurasa. Akaweka mkono wake juu ya kitabu, akaurudisha ukurasa.

"Mwalimu ameruka bibi tena."

"Hiyo ni rahisi."

"Hapana," alisema. "Si rahisi."

Nilitazama meza. Alikuwa ameshika kadi ya simu, akiigongesha polepole kwenye ukingo wa kitabu.

"Nilijua siku ile ya chai," alisema.

"Tulikuwa tunaongea Kiswahili."

"Ndiyo. Maneno mengi sijui. Lakini grandmother najua. Funeral najua, tulijifunza. Exam najua." Aliyataja bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma alichozungushia. "Katika kitabu, matatu yanatosha. Auntie anaosha sufuria safi. Wewe unapenda chai, siku ile hukunywa. Halafu baba anasema kule shamba hakuna simu. Baba yangu mkubwa ana simu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia."

Mimi na yule mama tuliishi London miaka yote tukidhani tunaongea Kiswahili. Kumbe kila jambo zito, kila jambo la ofisi na hospitali na karatasi, tulikuwa tumezoea kulitaja kwa Kiingereza bila hata kusikia kwamba tumebadili lugha. Kiswahili tulikiacha kwa yale madogo yanayounganisha. Chumba chetu cha pembeni kilikuwa na kuta mahali pote isipokuwa pale palipohitajika.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Wewe kwa nini hukuniambia?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza maana ya neno. Nilifungua mdomo na zikaja sababu zangu zote kwa pamoja, sikutoa hata moja.

"Mwalimu asiseme kwa auntie," alisema. "Wala agent. Baba akijua kwamba najua, atafikiri mtihani umeharibika. Atafikiri kosa ni lake. Wamefanya kazi kubwa kuficha. Mama yangu anacheka kwenye simu. Mama yangu huwa hacheki kwenye simu." Akaigeuza kadi upande wa pili. "Wakiniambia, ndipo nitajua."

Nilitaka kumkumbatia. Nikaanza kufikiri kama kwao inafaa, kama mwalimu anaruhusiwa, kama nikimgusa atalia, na akilia mtihani wa kesho kutwa utakuwaje, kama nataka kumkumbatia kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilipomaliza kufikiri alikuwa ameshaweka kadi juu ya majibu.

"Tusome hii ya bibi," alisema.

Tukaisoma. Ilikuwa habari dhaifu kuhusu bibi aliyeamua kujifunza kuendesha gari. Hakufa mtu. Msichana aliandika majibu yake, nikasoma, yalikuwa sahihi yote, nikaweka alama ya vema kwenye kila moja.

Kwa hiyo nikawa na ahadi mbili zinazotazamana. Mama mwenye nyumba, aliyerudi kutoka hekaluni nilipokuwa nikiondoka, alinikonyeza mlangoni, ishara kwamba tunaelekea mwisho, tumefanikiwa, mtoto hajui. Nami nikamkonyeza.

Asubuhi ya mtihani, mama mwenye nyumba alinisimulia baadaye, alimlisha msichana kijiko cha mtindi na sukari, kama alivyowalisha watoto wake mwenyewe kila walipokuwa na mtihani, na msichana akala bila kuuliza. Nilidhani jioni ile watamwambia. Sikutoka karibu na simu ya mama mdogo. Lakini baba aliona kwamba mtihani si mtihani hadi matokeo yatoke, asije akakata tamaa njiani, na yule agent akapiga kusema tungoje. Tukangoja majira ya joto karibu yote. Hakukuwa tena na masomo, lakini msichana aliomba niendelee kuja, nami niliendelea. Tulikaa bustanini nyuma ya nyumba tukisoma habari tulizochoka nazo. Nadhani alitaka tu kukaa na mtu mmoja ambaye hahitaji kuigiza mbele yake, na mtu huyo, kwa bahati mbaya, alikuwa mimi. Siku moja alimenya chungwa, akanipa kipande nilipogeuza ukurasa. Nikakila.

Siku ya matokeo nilifika mapema. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaanga vitu vya kutosha watu wa mtaa mzima. Msichana aliingia kutoka chuoni na karatasi mkononi, akaiweka mezani mbele yangu. Alama ilikuwepo, na zaidi kidogo. Mama mwenye nyumba alimshika mashavu, akambusu kwenye paji la uso, akanigeukia kwa Kiswahili.

"Sasa," alisema. "Sasa ndiyo kazi. Mpe simu ampigie baba yake."

Msichana alikwangua kadi mpya kwa sarafu. Simu ilikuwa kwenye korido, ukutani, na kutoka jikoni tulimwona ubavu. Alibonyeza namba ndefu ya kadi, kisha namba ya pili. Nilikuwa nimemwona akiipiga Jumapili nyingi nilizokuwa pale, hata vidole vyake nilivijua. Haikuwa namba ya baba. Alikuwa anapiga nyumbani kwa bibi.

Ilichukua muda nielewe. Mtu asiyejua angempigia bibi kwanza, hata kujaribu tu kama amesharudi kutoka shamba. Alikuwa ameahidi hivyo, baba alikuwa anajua kwamba ameahidi hivyo, na ama angempigia bibi kwanza, ama angekiri kwamba anajua. Alisimama wima, simu sikioni. Korido ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia ikiita huko ilikoita, katika nyumba isiyo na mtu. Aliiacha ikaita kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayeigiza.

"Maskini," mama mwenye nyumba alininong'oneza, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. "Maskini mtoto, hajui."

Akakata, akampigia baba.

Sikuelewa lugha. Sikuwa na hata maneno matatu. Nilimsikia akisema matokeo, nikajua kwa sauti. Kisha alinyamaza, na kwenye simu sauti ya mwanaume ikaenda kwa muda mrefu, ikikatika. Kisha msichana akaanza kuuliza. Aliuliza swali, akasikiliza, akauliza jingine. Maswali yalikuwa mengi, na sauti yake ilipanda na kuvunjika, na hapo ndipo nilipojua kwamba haigizi. Kwa miezi yote ile alikuwa akilijua jibu, lakini hakuweza kuuliza aliugua nini, nani alikuwa naye, aliongea nini, amezikwa wapi. Kuuliza kungekuwa kujua. Sasa ndiyo alikuwa anaruhusiwa.

Alipoweka simu chini mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumfikia, amemkumbatia, anamwambia kwa Kiingereza na Kiswahili na Kigujarati kwamba apige moyo konde. Msichana alilia begani mwake, miwani imepinda. Juu ya bega lile alinitazama. Niliujua mtazamo huo. Ndivyo alivyokuwa akinitazama kila alipomaliza zoezi na kusukuma karatasi upande wangu, akingoja nimwambie kama amepata.

Nilikuwa nimemmiminia chai. Nilisimama nayo mlangoni mwa jikoni, kikombe kinaniunguza vidole, na sikujua nikiweke wapi.